Chembe za Kahawia

Harufu ndiyo iliyomfikia Siwema kwanza, kabla ya macho.

Alikuwa ameinama uvunguni mwa kitanda cha mama yake akitafuta ungo, maana siku hiyo palikuwa na shughuli na mchele ulikuwa haujapetwa. Mkono ukagusa beseni lililofunikwa kwa kanga. Akaivuta ile kanga. Nzi wawili wakatoka taratibu, kama wageni walioshiba. Ndani mlikuwa na vitambaa juu ya vitambaa, vingine vimekauka vikawa vigumu kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa, vingine vibichi, vyekundu vya kuiva kuelekea weusi, na juu ya kimoja limekaa bonge la damu kubwa kama ini la kuku, linang'aa.

Siwema alijiziba mdomo kwa kiganja. Amewahi kuosha vidonda vya watu, amewahi kuvua funza kwenye mguu wa marehemu baba yake, lakini hapo alirudi nyuma kwa magoti. Mama yake alikuwa na miaka sitini na miwili. Damu yake ilikoma miaka kumi na mmoja nyuma, na siku ilipokoma alichinja jogoo kwa furaha.

Huko uani vigelegele vilipasuka.

"Biti Kazumari kavunja ungo mara ya pili!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Tatu Mnali, shoga wa mama yake tangu utotoni. "Nyie vikongwe wenzangu mnaonuna, neneni na nafsi zenu! Mwenzenu karudi usichanani!"

Vicheko. Ngoma ikajaribiwa mara mbili, ikanyamaza. Siwema alikuwa ameambiwa kwamba ni shughuli ya shukrani. Shukrani ya nini hakuambiwa, na yeye kwa pilikapilika zake hakuuliza. Sasa alijibiwa, na jibu lilikuwa ndani ya beseni na nzi.

Mlango ukafunguka. Biti Kazumari mwenyewe akaingia, kajipamba, wanja umekolea, na shavu moja limevimba kwa kipande cha udongo alichokuwa akimung'unya. Puani mwake kipini kilimeta.

"Funika hicho," alisema.

"Tangu lini, mama?"

"Mtoto hamwulizi mama yake mambo hayo."

"Mimi ndiye niliyekuvisha hicho kipini. Kwa hiyo nauliza."

Biti Kazumari aliketi kitandani akihema, kana kwamba ametoka kupanda kilima, wakati kutoka uani hadi chumbani ni hatua tisa. "Yalianza matone. Rangi ya maji ya kunde. Nikasema joto hilo. Yakakata. Yakarudi baada ya wiki mbili, yakakata, yakarudi, mwisho ikawa damu hivyo uonavyo, na mabonge. Nikizijumlisha zote leo ni siku ya sabini na moja. Tatu kaniambia ndiyo kazi ya kipini, ujana unarudi. Si hata uso wangu umenyooka?"

"Siku sabini na moja huswali?"

"Nitaswali vipi na hedhi, mwanangu? Nyinyi wa siku hizi!"

Siwema akamsogelea, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani yake palitakiwa pawe pekundu. Palikuwa peupe kama tui.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa Nesi Yustina. Waambie wenzako unakwenda kupimwa mifupa."

*

Mji wa Namkuna uliishi kwa Ghala. Chini ya kilima, ndani kabisa, zilihifadhiwa mbegu za nchi nzima tangu ile miaka kumi ya ukame, kwenye baridi ya kugandisha mate mdomoni, na waliozibeba trei za mbegu hizo walikuwa wanawake. Sakafu ilikuwa barafu. Mwanamke akiteleza na mifupa yake ni mikavu, anavunjika kama muhogo. Ndiyo maana mlangoni pa Ghala palijengwa Lango. Ukipita katikati yake linakusoma mifupa: likiwaka kijani unaingia, likiwaka jekundu unarudi nyumbani, na hapo Namkuna kurudi nyumbani maana yake ni kuhesabiwa miongoni mwa waliokwisha.

Vipini vililetwa kwa ajili hiyo. Kila kimoja kilibeba homoni ya kike ndani ya kijiwe chake, kikiidondosha kidogo kidogo ndani ya damu kupitia puani. Mifupa ikanenepa, majasho ya kukoma hedhi yakaisha, nyuso zikanyooka. Siwema, aliyeishia darasa la saba, alifundishwa wiki tatu akawa mvishaji wa vipini. Wanawake arobaini na mmoja walikuwa mikononi mwake, na mama yake wa kwanza.

Nesi Yustina Komba alikuwa mtu wa Songea, mnene, mwenye maneno mengi, naye alikiita chombo chake Jicho. Lilikuwa kijiti chenye mwanga nchani. Liliingizwa kule linakoingizwa, na ukutani picha ikatokea.

"Mama, legeza miguu, hapa hakuna bwana harusi," alisema, na Biti Kazumari akacheka bila kupenda. Kisha nesi akaacha utani.

Siwema alitazama ukutani. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, alifundishwa, utando wa ndani ya kizazi huonekana kama uzi mweupe tu. Huu haukuwa uzi. Ulikuwa umeumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani, una vishimo vishimo, umejaza chumba chote, na kwenye kingo zake damu ilikuwa ikichuruzika polepole. Alihisi kana kwamba anatazama uyoga uliota juu ya gogo bovu. Na gogo lenyewe ndimo alimolala yeye miezi tisa.

"Milimita kumi na tisa," alisema Nesi Yustina. "Mimi huwa nataka nne. Nikikuhurumia, tano."

Akanyofoa kipande kidogo, Biti Kazumari akauma kanga. Kipande kikalazwa juu ya kioo kinachosoma, na mgonjwa akasaidiwa kwenda kujisitiri nyuma ya pazia. Hapo nesi akamgeukia Siwema kwa sauti ya chini.

"Wewe ni mvishaji, unajua, lakini nakukumbusha. Kizazi ni chumba cha udongo. Homoni moja ni fundi, kazi yake kukandika ukuta. Ya pili kazi yake kubandua kilichokandikwa, chumba kibaki safi. Msichana mzima anazo zote mbili, ndiyo maana anakwenda mwezini. Kipini kimebeba fundi peke yake, kwa sababu huyo ndiye anayelisha mifupa. Anayebandua yumo kwenye zile chembe za kahawia za kumeza, siku kumi na mbili kila mwezi. Usipomeza, fundi anakandika usiku na mchana, hakuna wa kubandua, mpaka ukuta unajiangukia wenyewe ovyo ovyo. Ndiyo hiyo damu."

"Ni kipini peke yake?"

"Wapi! Mafuta ya tumboni nayo hupika homoni ya fundi kimya kimya. Mnene asiye na kipini anaweza kuyapata. Binti anayekaa miezi minne, mitano haoni siku zake, watu wanamsifu eti kapumzika, naye ni hivyo hivyo, anakandikwa tu. Na anayekaribia kukoma, siku zimevurugika, vilevile. Mimi kila siku napiga kelele: aliyekoma akiona hata tone, aje. Tone moja! Hawaji. Wanaona haya." Akamkazia macho. "Sasa niambie. Mama alikuwa anameza chembe?"

Mvishaji aliyeharibu kazi hufutwa, na jina lake husomwa Langoni kila asubuhi mwaka mzima, watu wanasikia huku wanavua viatu.

"Anameza," alisema.

"Na wengine wako?"

"Wote wanameza."

Kioo kikatoa mlio. Nesi Yustina akakisoma, akavuta pumzi. "Mshukuruni Mungu. Seli zimejazana lakini hazijapotoka, saratani hakuna. Ila zikiachwa huwa zinapotoka." Akakuna shingo. "Shida ni hii. Angekuwa hakumeza, ningempa hizo chembe kwa wingi, nimwongeze damu, ningoje nione ukuta unavyobanduka. Lakini kama alimeza na bado imekuwa hivi, basi dawa imeshindwa. Kesho saa mbili asubuhi nakitoa kizazi. Na kwa damu ile aliyobaki nayo, mwanangu, sikufichi. Naogopa kumlaza."

Siwema akaitikia kwa kichwa. Akajiona kama mmoja wa wale nzi wa kwenye beseni.

*

Waliporudi, mama yake aliketishwa tena uani, na Siwema akaenda jikoni; kopo lilikuwa huko, nyuma ya gunia la mkaa.

Hakuwa mwizi wala hakuwa mzembe. Msimfikirie hivyo. Mwezi wa kwanza alizigawa chembe zote kama alivyofundishwa, na wanawake wakameza, na mwishoni mwa mwezi wakaona damu, kidogo, ya siku nne. Wakamjia juu kama nyuki. Biti Kazumari ndiye aliyetangulia: "Nimengoja miaka hamsini nifunge Ramadhani yangu nzima, thelathini timilifu, bila deni la siku hata moja! Nimetoharika, wewe unanirudisha kwenye vitambaa? Una laana?" Bi Tatu akamtupia pakiti miguuni. Basi Siwema, kwa huruma na kwa kuogopa wakubwa, akawaambia sawa, chembe si lazima. Kila mwezi pakiti zilipokuja alizimimina koponi. Damu ikakata. Wakamsifu. Mwaka mzima wakawa wanaswali bila kuruka, wanafunga bila kulipa, na huko ndani fundi anakandika.

Sasa alifungua kifuniko. Harufu ya mafuta ya samaki yaliyochacha ikampiga usoni. Joto la mkaa lilikuwa limeziyeyusha nusu yake, zikashikana mapande mapande, na juu yake umelala mguu wa mende. Akautoa kwa ukucha.

Mbele yake sufuria kubwa la uji wa ngano na nazi lilikuwa likitokota. Uji wa wanawake wote arobaini na mmoja. Hakuna mtu mwingine jikoni. Uani ngoma ilikuwa imepamba moto, na Bi Tatu alikuwa akiimba kwamba kisima kilichokauka kimetoa maji.

Nani angejua? Angemimina, angekoroga, angeongeza iliki na sukari. Leo kwenye uji, kesho kwenye maharage, keshokutwa kwenye chai. Wangepona bila kujua waliugua. Mama yake angekunywa naye bakuli. Hakuna jina lingesomwa Langoni. Alikwishachukua upawa, na pande la kwanza lilikwishakaa ndani yake, la kahawia, linanata, linatoa jasho.

Akautazama ule upawa. Kati ya hawa, yupi ambaye seli zake zimekwisha kupotoka? Nesi Yustina huingiza Jicho kwanza, hunyofoa, husoma, ndipo atoe chembe. Damu ndiyo mdomo pekee ambao kizazi kinao. Akiuziba kwa uji huu, mwenye saratani damu ingemkata, angepiga vigelegele, angerudi Ghalani na trei yake, na ule uozo ungeendelea kuota gizani ukimcheka. Na mara hii Siwema angekuwa amefanya akijua. Alijiona akiwalisha mama zake kama mtu anavyowalisha kuku dawa ya mdondo, kwa kuwavizia kwenye pumba.

Alikimbilia mlangoni akatapika kando ya jiwe la kunolea visu, akapangusa mdomo kwa pembe ya kanga, akarudi akachukua kopo. Upawa akautupa kwenye majivu.

*

"Jamani." Hakuna aliyesikia. Akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. "Jamani! Simamisheni ngoma!"

Ngoma ikafa kipigo kwa kipigo. Biti Kazumari alikuwa ameketishwa katikati, mkekani, kafunikwa kanga mpya mabegani, uso umepauka chini ya wanja kama ukuta wa chokaa.

"Siwema, una nini? Umechanganyikiwa na moshi?" aliuliza Bi Tatu, na watu wakacheka.

Siwema akainua kopo. "Hizi ni chembe zenu. Mlizikataa, nikazificha. Nilipaswa kuwavua vipini siku ile ile, au nimwambie nesi. Sikufanya. Kipini bila hizi kinajaza utando ndani ya kizazi, unaumuka, unavuja. Nimeuona kwa macho yangu leo, wa mama yangu. Huo si ujana. Ni ugonjwa, na usipotibiwa unageuka saratani. Na mimi nimemdanganya nesi kwamba mlikuwa mnameza, na kwa uongo huo kesho atamkata mama kumtoa kizazi."

"Toba!" Bi Tatu alitema mate chini. "Mchawi wewe! Mwaka mzima unatuchekea, 'bibi umependeza, bibi umenyooka,' kumbe unatuoza! Na kuku wangu watatu nimechinja! Nimechezea nini mimi leo, nimechezea usaha?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Eti ndiyo! Ananijibu ndiyo!"

"Kwani si wewe uliyempiga na pakiti?" alisema mwanamke mmoja wa nyuma.

"Nilimtupia! Sikumpiga!"

Wengine wakaanza kupiga kelele, huyu anamtaka Siwema apelekwe Langoni sasa hivi, yule anataka kopo likamwagwe chooni. Siwema alisimama pale pale juu ya kinu. Akangoja wamrushie kitu. Lakini katikati ya ghasia Bi Tatu, aliyekuwa amemsogelea na kidole kimenyooshwa, akakishusha, akatazama kushoto na kulia, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Hebu ngoja. Mimi yangu si nyingi. Ni madoa tu. Ya jana na ya mwezi uliopita. Hayo nayo?"

"Hata tone moja, Bi Tatu."

"Mimi siku zangu hazijakoma," alisema yule wa nyuma, "ila zinakuja kila wiki mbili, na zikija silali, nabadilisha kila saa. Nilidhani ni nguvu."

"Kizunguzungu na moyo kwenda mbio je?" aliuliza mwingine. "Na hamu ya kutafuna udongo?"

Mikono ikatoka chini ya kanga, haya zikaanguka moja moja, na kila neno lililosemwa Siwema alilisikia likinuka kama lile beseni. Miezi hiyo yote walikuwa wamekaa na haya mambo, kila mmoja na uvungu wake.

Biti Kazumari aliinuka, akashikilia nguzo.

"Siwema."

"Naam, mama."

"Umesema ni ugonjwa."

"Ni ugonjwa, mama."

"Si hedhi."

"Si hedhi."

Mama mtu alitikisa kichwa, taratibu, kama anayehesabu. "Damu ya ugonjwa haimzuii mtu kuswali. Hilo nililijua tangu chuo cha Kurani, mwalimu alitufundisha mimi na Tatu tumekaa mkeka mmoja. Siku sabini na moja sijasujudu. Sabini na moja! Nilikuwa ninasikia adhana najifunika mto." Machozi yalishuka yakaburuta wanja mpaka kidevuni. "Nilikukatalia chembe zako ili niswali, na wewe ukanipa nilichotaka. Ona sasa."

Siwema alishuka kwenye kinu akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe. Nitakwambia siku nikikusamehe. Mwite nesi. Mwambie ukweli, kwa mdomo wako, na mimi nikiwepo. Kabla ya hapo nitieni maji bafuni, nioge josho."

Maji yakatiwa. Aliingia bafuni akajimwagia, wenzake wakiwa uani, ngoma zimelazwa kifudifudi. Kisha sauti yake ikatoka nyuma ya makuti: "Tatu! Njoo unitoe huu uchafu puani, vidole vyangu vinatetemeka. Maji hayapiti vizuri."

"Biti Kazumari, mwenzangu, ukikitoa mifupa itakauka. Kesho kutwa Lango litakuwakia jekundu."

"Lango si kibla, Tatu. Toa."

Bi Tatu aliingia. Alipotoka, kipini kilikuwa katikati ya kiganja chake, kidogo, kina kamasi na uwekundu kwenye shina, na alikishika mbali na nguo zake kama mtu aliyeshika kupe. Alitafuta pa kukiweka asipaone. Mwishowe akalifungua kopo la Siwema, akakidondosha humo, akafunika.

Kisha akainamisha kichwa mbele ya Siwema, akamsogezea pua yake.

"Na changu," alisema. "Harakisha, nisije nikabadili mawazo."

Siwema alinyoosha mkono. Nyuma ya makuti mama yake alikuwa akipandisha maji puani na kuyapenga, akiyapandisha na kuyapenga, zaidi ya mara tatu zinazotakiwa.